Sauti Nyuma ya Makoti

Watu walimwita Mikwaruzo, naye hakukasirika. Utotoni alipasuliwa koo, na tangu hapo sauti yake ikabaki nzito, yenye kukwaruza kama mlango usiotiwa mafuta. Mteja mgeni akiambiwa "karibu" alishtuka, akadhani mama huyu ana mafua ya kulazwa. Wa zamani walikwisha kumzoea. Alipiga pasi katika duka la dobi lililokuwa kwenye kona, mkabala na kituo cha mafuta, na mtaani hakujulikana kwa jambo jingine zaidi ya kuzipa suruali za watu mkunjo ulionyooka.

Haya alinisimulia mwenyewe. Nami nimeyapanga tu.

Nyuma ya duka palikuwa na stoo nyembamba ya kutundikia nguo zilizokwisha kufuliwa. Suti, magauni, makoti mazito, yote ndani ya mifuko ya nailoni, yamebanana. Ukipenya hadi katikati yake na mlango ukaufunga, kelele za barabarani hukatika, na hata kikohozi chako hakikurudii. Mchana, wenzake wakienda kula, Mikwaruzo aliingia humo, akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akaiegemeza simu kwenye bega la koti la mtu, na kuanza kuwakosoa mashujaa wa anime.

Mapenzi hayo aliyapata kwa binti yake. Mtoto aliugua, akakaa nyumbani wiki nyingi, na mama akawa anakaa naye kitandani wakitazama katuni za Kijapani za mapanga na mazimwi. Mtoto akapona, akakua, akahamia mambo mengine. Mama akabaki hukohuko. Akafungua chaneli, akajiita Bibi Mvuke, asionyeshe uso wake hata mara moja. Kwenye video ulionekana mvuke tu ukipanda kutoka kwenye pasi, na juu yake ile sauti, ikiongea kana kwamba inamgombeza ndugu aliyechelewa harusini.

"Hili joka lina mabawa mapana kama uwanja wa mpira," angesema, "halafu linapanda ngazi. Limepatwa na nini? Limeambiwa na daktari lifanye mazoezi?"

Wafuasi wake hawakuwa wengi, lakini walikuwa waaminifu, na walicheka. Basi akaridhika.

Kisha ikaja *Wabeba Kengele*.

Asiyeifahamu, nimweleze kwa ufupi. Kuna mji uliozungukwa na ukungu, na ndani ya ukungu kuna mazimwi. Walinzi wa mji hubeba kengele, kila mmoja yake. Mlinzi akiigonga, mnyama wa moto hutoka ndani yake na kumpigania. Lakini kila pigo moja huitia kengele ufa, na siku itakapopasuka, mwenye kuibeba anakufa. Msimu wa kwanza ulipotoka, vijana walikesha wakiizungumzia. Mikwaruzo naye aliipenda kuliko wote. Aliisifu mle stoo hadi akasahau muda, akatoka na nailoni imemganda shavuni, wenzake wakamcheka.

Msimu wa tatu ndio uliomtibua. Alipomaliza sehemu ya mwisho, hakungoja. Kesho yake mchana aliingia kati ya makoti, akabonyeza kitufe, akasema:

"Nisikilizeni. Msimu wa kwanza mlitupa sheria moja: kengele ikipasuka, aliyeibeba anakufa. Kwa hiyo kila yule kijana alipoigonga, mimi nilishika kiti. Niliogopa. Na kwa sababu niliogopa, niliamini kwamba ni jasiri. Sasa kengele inapasuka vipande vipande mbele ya macho yetu, na kijana anasimama, anajipangusa vumbi, eti amepona kwa sababu anapendwa! Na wale wenzake waliokufa? Mama zao hawakuwapenda? Halafu mama yake mwenyewe, tuliyemzika kwa machozi, anarudi kutoka kwenye majivu na gauni limenyooka. Jamani, mimi nguo iliyotoka kwenye pasi naijua, ndiyo kazi yangu. Nani aliyempigia pasi huko kuzimu? Mkiondoa kifo mmeondoa woga. Mkiondoa woga, mapanga hayo na moto huo vinabaki fataki. Fataki ni nzuri, hata kichanga huzifurahia. Lakini kichanga hajui anatazama nini."

Akaipakia, akarudi kwenye mashati.

Siku mbili za kwanza watu walicheka kama kawaida. Kisha kikundi kikubwa cha wapenzi wa *Wabeba Kengele* kikaiokota ile video, kikaisambaza, na simu ya Mikwaruzo ikawa haipumziki. Ilitetemeka mfukoni mwa aproni yake mpaka akahisi ni kiumbe hai. Mwanzoni ni matusi ya kawaida, ya kumwita bibi, mjinga, mwenye wivu. Hayo aliyamudu. Halafu yakaja mengine.

"Tutakujua."

"Sauti kama hiyo haifichiki."

Na moja, lililoandikwa kwa utulivu kabisa, bila hata alama ya mshangao: "Aliyekupasua koo hakumaliza kazi. Tutaimalizia."

Hilo alilisoma akiwa amesimama mbele ya mashine. Hakuwahi kumwambia yeyote kwenye chaneli kwamba alipasuliwa koo. Mtu huyo alibahatisha, au alisikiliza sauti tu na kukisia. Lakini kovu lilimwasha siku nzima, mahali palepale chini ya kidevu, kana kwamba jeraha ni bichi.

Jioni alimkuta binti yake ameketi jikoni, hajawasha taa, uso umemvimba.

"Mama, usinipige."

"Nikupige kwa nini? Nimewahi kukupiga lini?"

"Niliwajibu." Binti alikuwa na umri wa kumaliza shule, mrefu kuliko mama yake, lakini jioni ile alijikunyata kama kifaranga. "Walikutukana sana, mama, nikashindwa kunyamaza. Nikaandika kwamba mama yangu amekula mvuke wa dobi miaka mingi ili mimi nisome, na wao hata soksi zao hawajui kufua."

Mikwaruzo akaketi polepole.

"Uliandika dobi?"

"Niliandika, halafu nikafuta. Lakini mtu alikuwa ameshapiga picha ya skrini."

Alimvuta binti yake, akamlaza kichwa begani, na huku anampapasa mgongo macho yake yalikuwa kwenye kitasa cha mlango. Hesabu haikuwa ngumu. Maduka ya dobi mjini ni mengi, lakini si mengi kiasi cha kumshinda mtu mwenye chuki na muda.

Alikwenda kituo cha polisi. Askari wa kaunta alimsikiliza kwa upole, akachukua kalamu, akauliza, "Huyo Anime unamfahamu? Anaishi mtaa gani?" Alipoeleweshwa, aliirudisha kalamu mezani. Akamwambia mama, hayo ni maneno ya mitandaoni, watoto wanachezeana, wakifanya kitu cha kuonekana basi arudi. Mikwaruzo alitoka nje, akasimama kwenye jua, akajiuliza kitu cha kuonekana ni kipi, na kama atakuwa na miguu ya kurudia.

Wiki iliyofuata akapokea picha. Hakukuwa na maneno. Ilikuwa picha ya mlango wa duka lao, umefungwa, na bango lenye shati lililochorwa likionekana nusu.

Duka hilo lilikuwa na watu watatu. Bosi, mama mmoja mnene mwenye huruma aliyejificha nyuma ya ukali, ambaye siku nyingi alikuwa kwenye tawi lao jingine. Fundi wa madoa, mzee mchekeshaji aliyejiita daktari bingwa na kuyaita madoa "wagonjwa wangu". Na Mikwaruzo. Fundi ndiye pekee aliyeijua siri ya stoo, maana siku moja aliingia kutafuta suti akamkuta anamsema joka.

Alipoonyeshwa ile picha, mzee hakutania.

"Kuanzia leo, dada, kinywa chako ukifunge," alisema. "Wateja niachie mimi. Wewe piga pasi. Akija mtu, wewe huna sauti."

"Na wateja wetu wa siku zote?"

"Nitawaambia koo limekuuma. Koo lako nani hatalisadiki?"

Ndivyo Mikwaruzo alivyonyamaza. Ni jambo gumu kuliko linavyosikika. Mtu anakusalimu, salamu inakupanda hadi kwenye meno, unaimeza. Alitikisa kichwa, alitabasamu, alionyesha kwa vidole. Alianza kuwatazama wanaume vijana kwa namna ambayo hakuwahi: huyu mwenye begi mgongoni, amebeba nini? Huyu anayeuliza bei halafu haachi nguo, alikuja kuona nini?

Na kulikuwa na uchungu mwingine, ambao alinisimulia huku akicheka kidogo. Aliwadai watu wa *Wabeba Kengele* wamrudishie woga. Sasa aliupata wote, na haukufanana hata kidogo na ule wa kwenye kiti. Ule ulikuwa na muziki. Huu ulimnyima choo.

Siku moja ya manyunyu, mlango ukafunguliwa, akaingia mwanaume wa umri wa kuoa, mwembamba, amebeba koti mkononi kwa uangalifu, kama mtu anayebeba mtoto aliyelala. Mikwaruzo aliliona koti kabla hajamwona mtu. Refu, la kijivu, na kifuani limetariziwa kengele kwa uzi wa dhahabu. Lilikuwa koti la walinzi wa mji wa ukungu.

"Habari za kazi, mzee," mwanaume alimwambia fundi.

"Njema, kijana. Mgonjwa ana nini?"

"Vumbi tu." Akaliweka koti juu ya kaunta. Kisha, akiangalia kuta kana kwamba anazikagua rangi: "Hapa hamna mama mmoja, mwenye sauti ya kukwaruza hivi? Nimeambiwa anapiga pasi vizuri sana."

Fundi hakupepesa. "Hapa nipo mimi, yupo bosi, na yule dada bubu kwenye mashine."

"Bubu?"

"Tangu kuzaliwa. Lakini anasikia kuliko mimi, kwa hiyo ukitaka kumsengenya toka nje."

Yule mtu akamgeukia Mikwaruzo, akamtazama. Macho yake hayakuwa ya ukali. Yalikuwa ya mtu ambaye hajalala vizuri siku nyingi, na hilo lilimwogopesha zaidi. Mikwaruzo akashusha kichwa, akanyoosha kola ya shati ambalo lilikwisha kunyooka.

Walipobaki wawili tu, fundi akasema, "Samahani, dada. Limenitoka. Sasa wewe ni bubu rasmi." Wakajaribu kucheka. Haikuwezekana.

Bwana Koti, ndivyo walivyoanza kumwita, alirudi kuchukua koti lake. Kisha akarudi na shati. Kisha na suruali ambayo ilikuwa safi kuliko zilizotundikwa stoo. Mara hii hakuondoka. Aliketi kwenye benchi la wateja, akasema atasubiri, akatoa simu, akaongeza sauti hadi mwisho.

Duka zima likajaa sauti ya Mikwaruzo.

"*Nisikilizeni. Msimu wa kwanza mlitupa sheria moja…*"

Mikwaruzo alikuwa na gauni la hariri chini ya pasi. Alijua kwamba akiganda, litaungua. Akijikwaa, ataonekana. Mkono ukaendelea kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, na mkono huo haukuwa wake tena. Jasho lilimtiririka mgongoni. Sauti yake mwenyewe ilimzunguka, ikajisifu, ikatania, ikamuuliza nani aliyempigia pasi marehemu kuzimu. Hakuwahi kuichukia hivyo. Bwana Koti hakuitazama simu hata kidogo. Alimtazama yeye, kuanzia kichwani hadi miguuni.

Video ilipokwisha, aliichezesha tena.

Fundi alitoka nyuma akiwa na glavu zake, akasema kwa sauti ya juu kwamba duka hili si ukumbi wa sinema. Bwana Koti akasimama, akaomba radhi kwa heshima, akachukua suruali yake bila kungoja ikauke mvuke. Mlangoni aligeuka mara moja. Akatoka.

Kesho yake fundi alikuwa na miadi ya macho hospitali. Alitaka kuiahirisha. Mikwaruzo akamkatalia, kwa kuwa miadi hiyo aliingoja miezi, na bosi alikuwa ameahidi kufika kabla ya mchana. Bosi alichelewa njiani. Kwa hiyo mlango ulipofunguliwa, dukani alikuwepo bubu peke yake.

Lazima nieleze ile mashine. Ina ubao mpana uliovishwa kitambaa, na juu yake taya zito la chuma linalochemka. Unatandaza nguo, unakanyaga pedeli kwa mguu, taya linashuka kwa kishindo na mvuke unaruka pembeni. Likishashuka halina huruma. Mfanyakazi mmoja wa zamani aliacha ngozi ya vidole humo, na hakupiga pasi tena maishani.

Bwana Koti alikuja amelivaa lile koti. Hakusimama kwenye kaunta. Aliinua kibao cha kupitia, akaingia ndani, akatembea kati ya vikapu vya nguo chafu hadi kwenye mashine. Mikwaruzo alirudi nyuma hatua moja, mgongo ukagota ukutani. Stoo ilikuwa kushoto, na haikuwa na mlango mwingine. Simu ilikuwa kwenye kaunta, upande wa yule mtu.

"Dada," alisema, "najua unanisikia."

Akauweka mkono wake wa kulia juu ya ubao, kiganja kimekunjuka, akaegemea mbele ili amwone vizuri. "Sitaki kelele. Nataka useme kitu kimoja tu. Sema neno lolote."

Mguu mmoja wa Mikwaruzo ulikuwa umebaki juu ya pedeli.

Hakuuweka makusudi, hapo ndipo unapokuwa siku zote. Lakini aliuhisi pale, uzito wa kisigino, ile chemchemi ndogo chini ya unyayo. Na wazo likamjia, akaniambia, wazi kabisa, kama mtu anayemnong'oneza: kanyaga. Itakuwa ajali. Alipita kaunta, akaweka mkono pasipotakiwa, nani atakulaumu? Fundi ameshawaambia wewe ni bubu. Bubu hawezi kumwonya mtu.

Alimwona yule mtu akipiga yowe kabla hajapiga. Aliona vidole. Aliona vilevile uzi wa dhahabu kwenye kengele ya kifuani, mishono midogo iliyolingana, kazi ya mkono uliokuwa na subira, na sindano haikuwa ya mashine.

Mguu ukakaza.

"Toa mkono hapo," alisema.

Sauti iliyonyamaza siku nyingi ilitoka mbaya kuliko siku zote, kama mchanga kwenye bati. Bwana Koti aliganda.

"Ni wewe."

"Ni mimi. Toa mkono kwanza, utaungua."

Akautoa. Akautazama mkono wake, akalitazama taya lililokuwa juu yake likifuka, kisha akayashusha macho hadi kwenye mguu wa Mikwaruzo. Akaelewa. Uso wake ukawa wa majivu.

"Ungeweza kunichoma."

"Ningeweza."

Nje lori lilikuwa linajazwa mafuta. Kisha Bwana Koti akaketi chini, juu ya kikapu cha mashuka, kama mtu aliyekatwa kamba.

"Mama yangu alikufa msimu wa kwanza ukiwa unaonyeshwa," alisema. "Hili koti alilishona yeye, akiwa kitandani. Mimi nilimsimulia kila sehemu, yeye anashona. Msimu wa tatu yule mama aliporudi, nililia mpaka nikalala. Usingizi wa kweli. Halafu nikasikia wewe unacheka. Tangu siku hiyo nikiitazama nakusikia wewe tu. Gauni limenyooka, gauni limenyooka. Umeniharibia."

Mikwaruzo bado alikuwa ameegemea ukuta. Woga haukumwondoka kwa sababu mtu amelia. Lakini alimjibu.

"Pole kwa mama. Nasema kweli, pole. Mimi nimemzika baba wa mtoto wangu. Yule mwanamke alipotoka kwenye majivu bila hata doa, nilikasirika, kwa sababu wangu hakurudi na hatarudi. Ndiyo nikasema vile."

"Basi sema ulikosea."

"Siwezi. Hadithi ile ilituvunjia ahadi. Wewe ikikupa usingizi, itazame, hakuna aliyekukataza. Lakini mimi siwezi kusema ni nzuri." Akavuta pumzi. "Ile picha ya mlango ni wewe?"

"Ni mimi."

"Na lile la koo?"

Alitikisa kichwa kwa nguvu. "Lile si langu. Naapa. Yupo mwingine kwenye kundi, hao wako kadhaa…" Kisha akasema kitu kilichomrudishia Mikwaruzo baridi mwilini. "Nimewaambia, mama. Jana. Niliona mguu wako unagonga sakafu kufuata maneno wakati simu inacheza. Nikawaandikia: ni yeye, na duka ni hili."

"Futa."

"Nitafuta. Lakini wameshaona."

Akalivua koti, akaliacha juu ya kikapu, sijui kwa nini, hata Mikwaruzo hajui, akatoka na shati jepesi kwenye baridi. Bosi alipofika alimkuta mpiga pasi wake amekaa sakafuni, nyuma ya mashine, akiwa ameshika pasi ndogo ya mkono ambayo haikuwa imechomekwa kwenye umeme.

Bosi aliambiwa kila kitu. Aligomba kwa nguvu, kisha akaagiza mlango uwe unafungwa kwa ndani na wateja wabishe. Siku zikapita bila jambo, na hizo ndizo zilikuwa mbaya zaidi. Binti alimsindikiza asubuhi, akamfuata jioni, wakatembea wameshikana mikono, na kila pikipiki iliyopunguza mwendo iliwafanya wabanane ukutani.

Mojawapo ya pikipiki hizo ndiyo iliyokuja. Mchana kweupe, watu wamejaa kituo cha mafuta, wawili wenye helmeti walipita taratibu mbele ya duka, na chupa ikapasua kioo. Kishindo, vigae, kisha wekundu kila mahali: kwenye kaunta, kwenye mashati, kwenye gauni jeupe la bibi harusi lililokuwa limetundikwa tayari kuchukuliwa, usoni mwa fundi. Ilikuwa rangi ya mafuta. Lakini kwa sekunde ile Mikwaruzo aliona damu ya mzee wa watu, akakimbilia stoo, akajipenyeza kati ya makoti hadi ukutani, akaketi, akafumba macho. Alimsikia fundi akipaza sauti, "Ni rangi, dada! Ni rangi tu, mimi mzima!" na hakuweza kutoka. Mwili ulikataa. Walimwita, walimbembeleza, bosi alimtishia, bure. Alitoka pale binti yake alipoletwa kutoka shuleni, akapenya kati ya nailoni, akamkuta kwa kupapasa na kumshika vidole.

Safari hii polisi waliona kitu cha kuonekana. Na mambo yalikwenda haraka kuliko alivyotegemea, kwa sababu kabla hata ya jioni kuna mtu alifika kituoni mwenyewe, akataja majina, akaonyesha maandishi ya kundi, pamoja na yake mwenyewe ya kulitaja duka. Ndivyo wale wawili wa pikipiki walivyokamatwa. Aliyeandika lile la koo hakupatikana. Jina lake halikuwa jina, na akaunti ilikwisha kufutwa.

Bwana Koti hakurudi tena dukani. Alimtuma binamu yake kuchukua koti. Mikwaruzo alikuwa amelifua na kulinyoosha kwa mkono, bila kugusa tarizi, maana tarizi hiyo ingekufa kwenye mashine. Aliliweka kwenye mfuko mpya. Nilipomuuliza kama alimsamehe, alifikiri sana. "Nikimwona barabarani nitavuka upande wa pili," alisema. "Lakini sitaki apatwe na baya."

Gauni la bibi harusi halikupona. Fundi alilipigania siku nzima, akatokea na macho mekundu, akatangaza kwamba mgonjwa amefariki. Bosi alimnunulia bibi harusi jingine, akalalamika, lakini hakumfukuza Mikwaruzo. Alimwambia tu stoo sasa ni ya nguo.

Miezi mingi Bibi Mvuke hakusikika. Wapo waliodhani amekufa, na wengine waliandika kwamba walimkumbuka. Kisha msimu mpya wa *Wabeba Kengele* ukatoka. Aliutazama na binti yake, mchana wa Jumapili, mlango umefungwa, wamejifunika blanketi moja. Palikuwa na sehemu moja tu iliyomshika: mama yule aliyerudi anagundua kwamba hakumbuki jina la mwanawe, na anaogopa kumwambia. Mikwaruzo aliisimamisha picha hapo.

Alirekodi chumbani, godoro limeegemezwa ukutani kuzuia mwangwi. Mara ya kwanza sauti ilimtetemeka, akafuta. Mara ya pili ikatetemeka tena, akafuta. Mara ya tatu aliiacha itetemeke. Alisema msimu huu bado una uvivu mwingi, mazimwi yanakuja kwa foleni kama watu wa benki, lakini kuna mtu mmoja mle ndani ambaye amekumbuka kuogopa, na kwa ajili yake ataendelea kutazama.

Binti akauliza, "Tunaipakia?"

"Pakia."

Binti akabonyeza. Mikwaruzo akazima simu yake, akainuka, akaenda kuangalia kama mlango umefungwa. Ulikuwa umefungwa. Akausukuma kwa bega, akauangalia tena.